Wikiendi ya kupumzika Lushoto: mwongozo kamili kuanzia kuomba ruhusa ya Ijumaa mpaka kushuka na viazi

Watu wengi wameshaniuliza Lushoto inaendwaje na mi kila mtu namjibu kipande kipande kwa voisi za WhatsApp, sa nimeona niandike yote sehemu moja manake nimeshaenda mara sita na ule mji naupenda kwelikweli. Kwa asiyeujua, Lushoto ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya, mkoa wa Tanga, uko juu kwenye milima ya Usambara Magharibi kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Una barabara moja kubwa, soko, stendi, majengo machache ya zamani ya Wajerumani, alafu milima imeuzunguka kila upande. Hamna foleni. Saa 3 usiku mji umeshalala na unachosikia ni mbwa wa mbali na upepo kwenye miti, basi.

Sa kabla ya yote nikwambie kitu. Mara ya kwanza nlienda nikiwa na karatasi ya sehemu za kuona. Tulifika Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi Irente, mchana Magamba, Jumapili alfajiri tukakodi gari tukaenda Mtae na kurudi, mchana huohuo tukashuka kurudi Dar. Jumatatu niko kazini mgongo unauma, na nikiulizwa Lushoto ikoje nakumbuka vumbi na kioo cha gari. Toka hapo nikajiwekea sheria moja, siku moja jambo moja. Mwongozo wote huu unafuata hiyo sheria. Kama we unataka kuona kila kitu chukua likizo ya wiki nzima uende, ila ukichukua wikiendi nenda kupumzika.

Hatua ya kwanza: omba ruhusa ya Ijumaa, alafu ndo uchague tarehe

Piga hesabu ya basi kwanza. Dar mpaka Lushoto ni kama kilomita 350 na basi linatembea masaa saba hivi, siku mbaya nane. Ukiondoka Jumamosi asubuhi unafika saa 8 mchana umechoka, Jumapili asubuhi inabidi ugeuze, yaani umekaa kwenye siti masaa 14 ili ulale usiku mmoja. Hiyo sio kupumzika. Omba Ijumaa, na kama bosi ni mgumu angalia kalenda utafute Ijumaa au Jumatatu ambayo ni sikukuu ya serikali.

Ila usichague Krismasi wala Idi. Wasambaa walioko mjini wote wanapanda kwao kuona wazazi, na wana haki yao, kwa hiyo mabasi yanajaa na vyumba vinajaa na utulivu unaoufuata unaukosa. Wa Tanga mjini nyie mna bahati, ni masaa manne hivi mmeshafika, mnaweza hata kutoka Ijumaa mchana. Wa Moshi na Arusha mnapitia Same mnashukia Mombo.

Kuhusu hali ya hewa, Juni mpaka Agosti ni baridi ya kweli, usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi 10 au chini ya hapo na asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Mi ndo msimu ninaoupenda kuliko yote manake kwa mtu wa Dar aliyezoea kulala na feni, kulala chini ya mablanketi mawili ni mapumziko tosha hata kama hukufanya kitu kingine. Machi mpaka Mei ni masika, njia zinateleza, ukungu unaziba kila kitu unachotaka kukiona na mlimani udongo na mawe huwa vinaporomoka barabarani, sa hapo hapana. Mwisho wa Oktoba kuja Desemba kuna vuli, mvua zinakuja na kukatika, unaweza kwenda ukiwa na subira. Kama ndo mara yako ya kwanza ningekushauri Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba, au Januari na Februari kama unataka na matunda.

Hatua ya pili: chumba, na maswali ya kuuliza kwenye simu

Malazi ya Lushoto yapo ya aina tatu kwa ujumla. Kuna gesti za mjini karibu na stendi na soko, bei rahisi, zinafaa kama unapita tu. Kuna hosteli na nyumba za wageni za makanisa, safi, kimya, chakula cha kawaida kizuri, na nyingi hazina pombe so jua hilo mapema. Alafu kuna loji za nje ya mji, upande wa Irente, upande wa Magamba na vilimani kuzunguka mji, zenye bustani, mahali pa kuwasha moto wa kuni na baraza la kukaa ukaangalia bonde. Kama lengo ni kupumzika, lala nje ya mji, hata kama itabidi upunguze kwenye kitu kingine. Chumba ndo safari yenyewe.

Usibuki kwa picha peke yake, piga simu uongee na mtu. Uliza maji ya moto yapo saa ngapi, manake kuna sehemu wanachemsha kwa kuni na yanapatikana asubuhi na jioni tu, na kuoga maji baridi ya Lushoto mwezi wa saba ni adhabu. Uliza mablanketi mangapi kitandani na kama wanaongeza. Uliza kama kuna baa au ukumbi wa sherehe karibu, hili wengi wanalisahau, mi nimeshawahi kulala sehemu nzuri tu ikapigwa mziki wa harusi mpaka saa 8 usiku. Uliza umbali kutoka stendi na usafiri wa kufika, manake "karibu na mjini" ya huko inaweza kuwa mlima wa dakika arobaini na begi mgongoni. Na uliza kama chakula cha jioni kipo au lazima uagize, nyumba nyingi hawapiki mpaka mgeni aseme anakula nini na saa ngapi.

Malipo ya nusu tuma kwa simu, ila jina linalotokea kwenye muamala lifanane na ulichoambiwa, usione aibu kuuliza.

Hatua ya tatu: begi

Begi liwe dogo, ila sweta zito haliachwi. Na soksi, na kofia ya sufu au mtandio mzito wa kufunika kichwa na masikio, manake baridi ya huko inaingilia masikioni. Jaketi jepesi la mvua hata kama sio msimu, ukungu wa asubuhi unalowesha. Raba zenye meno chini, sio zile za kuvalia jinzi, njia za milimani zina udongo mwekundu na ukinyesha kidogo tu unateleza kama uko kwenye sabuni. Tochi, manake umeme hukatika na nje ya mji hamna taa za njiani. Dawa zako za kila siku, na mwenye pumu asisahau pampu yake, baridi ile ya alfajiri inabana kifua. Pesa taslimu za noti ndogo kwa ajili ya sokoni, boda na viingilio vya vijijini. Benki na ATM na mawakala wa simu mjini wapo, ila ukishatoka mjini usitegemee.

Nguo ziwe za heshima. Usambara ni sehemu ya watu wa dini, Waislamu wengi na Wakristo wengi, wanaishi pamoja vizuri, na kijijini mama zetu wanavaa kanga au kitenge kila siku. Dada ukiwa na kanga yako begini ni nzuri, inafaa kuvaa, kufunika na kukalia nyasi.

Na kompyuta ya kazi iache nyumbani. Nasema kabisa iache, usiseme utaibeba tu kwa dharura.

Hatua ya nne: safari mpaka Mombo

Kwa basi, Dar unapandia stendi ya Magufuli, Mbezi. Yapo mabasi yanayoenda moja kwa moja mpaka Lushoto na yanatoka asubuhi, so kata tiketi siku moja kabla na uwepo stendi mapema kabla ya saa 12. Ukiyakosa usirudi nyumbani, panda basi lolote la Moshi au Arusha ushukie Mombo, tena unakuwa na chaguo kubwa zaidi. Njia ni Kibaha, Chalinze, daraja jipya la Wami, Segera, Korogwe, Mombo. Wenye gari binafsi mnaokaa Tegeta na Bunju pitieni Bagamoyo mtokezee Msata, mnaikwepa foleni ya Kibaha yote. Spidi ya vijijini ni 50 na trafiki wapo kila kona, sa usiwe na haraka, we si unaenda kupumzika.

Mombo ni joto. Iko chini kabisa kwenye tambarare na ukishuka kwenye basi unajiuliza hilo baridi walilokwambia liko wapi. Kula hapo, nenda choo hapo, mwenye gari jaza mafuta na angalia upepo wa matairi. Mwenye kutapika safarini meza kidonge sa hivi kabla ya kupanda, na ule kidogo.

Kupanda mlima, hiki kipande nakieleza kwa kirefu

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 tu, lami, ila ni kilomita 33 za kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na barabara ni nyembamba. Daladala na Noah zinapanda siku nzima kutoka Mombo na zinajaza sana, kwa hiyo ukiweza lipia siti ya mbele au subiri ya pili, usikubali kubanwa watu wanne kwenye siti ya watatu na njia ile.

Ukiwa unaendesha mwenyewe, nisikilize vizuri hapa. Panda mchana. Jioni ukungu unashuka na malori ya mbogamboga yanateremka yakiwa yameshona kabichi, karoti na viazi kwenda Dar, na dereva wa lori lililojaa hawezi kukukwepa kirahisi. Piga honi kila kona usiyoona mbele. Mwenye kupanda apewe njia. Na wakati wa kushuka siku ya kurudi usikanyage breki muda wote, weka gia ndogo, gia ya pili au L kwa gari za otomatiki, uache injini ishike gari. Sisi mwaka mmoja tulishuka na gari ya rafiki yangu amekanyaga breki toka Soni, tulipofika karibu na Mombo breki zikaanza kunuka kama plastiki inaungua, ikabidi tusimame nusu saa zipoe, watoto wako nyuma wanalia na joto. Tulikuwa na bahati tu.

Njia yenyewe sasa ni nzuri mno. Kila kona hewa inabadilika, unafunga kioo kidogo, alafu unafunga chote, alafu unatafuta sweta. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani mpaka huamini mtu analimaje pale. Katikati ya njia unafika Soni, mji mdogo wa njia panda, na maporomoko ya Soni yanaonekana kutoka barabarani kabisa. Hapo Soni ndo njia ya kwenda Bumbuli na Vuga inapochepukia, na Vuga sio kijiji cha hivihivi, ndo ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi waliotawala Usambara. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, utawala wake ulishuka mpaka pwani. Mi huwa nawaambia wenzangu kwenye gari, hapa tunapita kwenye nchi ya mfalme, tusitupe chupa dirishani.

Ijumaa jioni: usifanye kitu

Ukifika weka begi, agiza chakula cha jioni saa hiyohiyo, alafu toka utembee mjini kwa mguu taratibu. Kunywa chai ya maziwa ya tangawizi kwenye mgahawa wowote wenye watu. Angalia mji. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao Wilhelm wa Pili, walipanda huku kukimbia joto na malaria ya pwani. Kwa hiyo kuja kupoa hapa ni mambo ya zamani. Leo kuna Chuo cha Mahakama hapo mjini, so usishangae kukutana na mahakimu wako kwenye mafunzo wanatembea jioni na masweta.

Salimia watu. Huku shikamoo haijafa, mtoto wa shule anakuamkia njiani bila kukujua na mzee anategemea umuamkie. Muombe mhudumu wa pale ulipofikia akufundishe salamu za Kisambaa, zile zinazoanza na "onga", na asante yao ni "hongea". Ukimwambia bibi wa sokoni hongea anavyofurahi utaona mwenyewe.

Usiku kama wana moto wa kuni kaa hapo. Simu iache chumbani. Lala mapema, mwili wenyewe utakwambia, manake saa 2 na nusu tu macho yanafunga.

Jumamosi: Irente, kwa mguu, na siku nzima

Hili ndo jambo moja la Jumamosi. Irente ni ukingo wa mlima, kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kwa mtu wa kawaida asiye na haraka. Boda zinafika ila nakuomba utembee kwenda, kama utachoka panda boda kurudi. Njia inapita kwenye nyumba za watu, migomba, mahindi, watoto wanachunga mbuzi, na ndo sehemu ya mapumziko yenyewe hiyo, sio ile picha ya mwisho.

Toka saa 1 asubuhi. Ukichelewa mpaka mchana jua linakuwa kali na huko chini kunajaa ukungu wa joto, tambarare yote inaonekana kama imemwagiwa maziwa. Njiani unapita shamba la Irente, ni la Kanisa la Kilutheri (KKKT) Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na hapo wanatengeneza jibini, mkate mweusi, jemu na juisi. Nunua mkate na jibini hapo, au agiza mlo wa mchana wakuwekee uje ule ukirudi, unakaa kwenye bustani yao chini ya miti. Huo mlo wa mkate na jibini na jemu mi naufikiria nikiwa kwenye mwendokasi.

Alafu unafika ukingoni. Sijui nikwambieje. Ardhi inaisha. Unasimama juu ya mwamba na chini yako, karibu mita 1,000 kwenda chini, ipo Mazinde, nyumba ndogondogo, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kubwa ya Arusha kama uzi, basi linapita hulisikii, na zaidi ya hapo ni nyika ya Wamasai mpaka macho yanaishia. Upepo unapanda kutoka chini unakupiga usoni. Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu, kwa boda mpaka karibu alafu tukatembea kidogo, akakaa kwenye jiwe na kanga yake mabegani hakusema kitu kama dakika ishirini, na mama sio mtu wa kunyamaza.

Kuna kiingilio kidogo cha kijiji, lipa, omba risiti. Sehemu kubwa ya ukingo haina uzio, kwa hiyo watoto washikwe mkono muda wote, na wewe mwenye kupiga selfi usirudi nyuma nyuma, geuka kwanza uone unakanyaga wapi. Mawe yakiwa na umande yanateleza. Kaa hapo muda mrefu. Saa nzima, masaa mawili. Watu wanafika wanapiga picha kumi wanageuza, hao wamepoteza nauli yao.

Kama unataka machweo badala ya asubuhi ni sawa, kunapendeza sana, ila panga na bodaboda kabisa akufuate, chukua namba yake, manake giza la kule likiingia limeingia.

Kuhusu mwongozaji: Irente unaweza kwenda mwenyewe, njia inajulikana na unauliza watu. Ila ukitaka njia za vijijini na msituni chukua mwenyeji, vipo vikundi vya waongozaji vyenye ofisi pale mjini. Muone kitambulisho, mkubaliane bei kabla hamjaondoka, na muulize kama chakula chake kimo au la. Mtu anayekukamata mkono stendi akisema yeye ndo mwongozaji wa mji mzima, mshukuru uende ofisini.

Jumamosi mchana uliobaki ni wa kulala, kusoma, kuongea na uliyekuja naye. Wanandoa nyie hasa, manake Dar mnaonana usiku mkiwa hoi, huku mna mchana mzima.

Na wasiotaka ukingo, kuna msitu

Kama umeshaiona Irente, au unaogopa urefu, Jumamosi yako iwe Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, zaidi ya hekta 9,000, kilomita chache tu kutoka mjini. Malipo yake ni kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, unalipia kwenye simu, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni so beba kitambulisho. Mle ndani ni ubaridi, miti mikubwa yenye kuvu na ndevu za kijani, na ukinyamaza unaona mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe. Kuna kinyonga wa Usambara Magharibi mwenye pembe mbili puani, anapatikana milima hii tu, muombe mwongozaji akuonyeshe ila msimtoe kwenye tawi lake kwa ajili ya picha. Watu wengi wetu tumelelewa kuogopa kinyonga, mi nilikuwa mmojawapo, siku nimemuona yule kwa karibu anageuza jicho moja moja nikaona tumemuonea bure.

Msituni nusu siku inatosha. Vaa suruali ndefu, soksi juu ya suruali.

Mtae nayo ni nzuri, kijiji kiko kwenye mgongo wa mlima kabisa, ila ni masaa matatu au zaidi kwa basi kutoka Lushoto na inataka ulale huko. Iache mpaka upate siku nne.

Kula

Chakula cha Lushoto siri yake ni kwamba mboga imechumwa asubuhi. Wali maharage na mchicha wa pale huwezi kufananisha na huku kwetu ambapo mchicha umesafiri usiku kucha kwenye lori. Viazi vyao vya mviringo, vya kuchemsha tu na chumvi na pilipili, chipsi zao pia. Agiza masaa mawili kabla, wanapika kwa mkaa na wanaanza kweli kuanzia mwanzo, so agiza alafu nenda ukaoge. Msimlaumu mhudumu kwa sababu yenu ya kuchelewa kuagiza.

Maji ya kunywa nunua ya chupa au chemsha. Malaria huku juu ni kidogo kuliko pwani ila haimaanishi haipo, na Mombo chini mbu ni wengi, kama kuna neti itumie.

Jumapili: soko na kurudi

Siku kubwa za soko Lushoto ni Alhamisi na Jumapili, kwa hiyo Jumapili asubuhi soko linakukuta limechangamka, akina mama wameshuka kutoka vijijini na vikapu vichwani. Nenda saa 1 na nusu. Kuna karoti zenye majani yake, kabichi, viazi, maharage ya rangi zote, njegere, asali. Desemba na Januari kuna plamsi, mwanzoni mwa mwaka kuna mapeasi, yale magumu kidogo ya kijani, usiyakatae kwa ugumu, ndo yanafaa kusafiri na yanalainika yakifika nyumbani. Kama una gari na unapitia Soni, watawa Wabenediktini wa Sakarani wana makadamia na divai yao.

Usishindane bei mpaka mwisho na bibi aliyebeba karoti toka mlimani. Mia mbili yake ni kubwa kuliko yako.

Sa usafiri wa kurudi. Mabasi ya moja kwa moja kwenda Dar yanatoka asubuhi mapema, ukipanda hilo soko hulioni. Mi nafanya hivi: Jumamosi nampigia wakala wa mabasi aliyeko Mombo, namba yake naichukua siku ya kwenda nikiwa napita pale, naweka siti kwenye basi linalotoka Moshi au Arusha. Mengi yanapita Mombo kuanzia saa 4 mpaka saa 7 mchana hivi. Jumapili asubuhi nafanya soko langu, saa 4 nateremka na daladala, nasubiri Mombo. Usipoweka siti mapema Jumapili unaweza kuangalia basi kumi zinapita zimejaa, nimeyaona hayo kwa familia moja na watoto watatu na jua lile, niliwaonea huruma mpaka leo.

Viazi weka kwenye ndoo yenye mfuniko au kapu gumu, sio mfuko wa plastiki, na mapeasi yawe juu. Kabichi moja moja ifunge na gazeti. Mzigo ukienda chini kwenye buti la basi uandike jina na mwambie kondakta unashuka wapi, na mapeasi machache bakiza mkononi ya kula njiani. Sweta utalivua Mombo, liweke juu kabisa kwenye begi, manake basi lao lina AC na kuanzia Segera utalihitaji tena.